Wodi Kabla ya Jina: Kuchagua Chuo cha Udaktari kwa Anayeutaka Ubingwa

Mada kwa wazazi na wanafunzi waliomaliza kidato cha sita, Rwezamenyo, Kigali



Kila ninapopita Kabuguru nasimamishwa na swali lile lile: "Daktari, chuo gani kitamfanya binti yangu awe daktari wa upasuaji?" Jibu langu huwakatisha tamaa wengi. Hakuna. Chuo atakachoanza nacho kitamtoa daktari wa kawaida. Ubingwa una mlango wake, na pale mlangoni huulizwa kama amesajiliwa na Baraza la madaktari, amemaliza intanishipu, amefanya kazi wapi, na nani atagharimia miaka minne au mitano ya kurudi darasani. Kwa hiyo nawaomba mwangalie mambo mawili kabla ya jina la chuo: wodi ambamo mtoto atafundishwa, na deni atakalotoka nalo, la fedha au la utumishi.

Tuanze na wodi. Mafunzo ya udaktari ya Butare yalianza pamoja na chuo kikuu chenyewe mwaka 1963, na mwaka 2013 vyuo vya umma vilipounganishwa yakawa chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Wanafunzi wake huzunguka hospitali za kufundishia: CHUB kule kule Butare, wilayani Huye, CHUK hapa mjini, hospitali ya Faisal na hospitali ya jeshi Kanombe. Hizo ndizo hospitali ambamo madaktari wanaosomea ubingwa nao hufanya kazi. Faida yake haionekani kwenye kijitabu cha chuo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anasimama kwenye raundi nyuma ya rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, anamsikia akiulizwa na bingwa, anaona anavyojibu na anavyokosea. Akikesha naye zamu kadhaa, anajua kama kweli anautaka upasuaji au alipenda koti tu. Na siku akiomba nafasi ya ubingwa, walimu wale wanamkumbuka kwa kazi ya mikono yake. Isitoshe, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2012 kwa kuwaleta walimu kutoka vyuo vikuu vya Marekani ulipanua sana masomo ya ubingwa humu humu nchini.

Wengi mmenitajia Butaro. Chuo kikuu cha huko, UGHE, kilichoanzishwa na shirika la afya la Partners In Health la marehemu daktari Paul Farmer, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 2019. Walikuwa 30, na theluthi mbili yao wasichana. Hospitali ya Butaro ilianza kama ya wilaya, lakini ina kituo cha saratani tangu 2012, kwa hiyo mwanafunzi huona kule wagonjwa ambao hospitali nyingi za wilaya huwapeleka mbali. Masomo hayalipiwi ada. Badala yake mwanafunzi huahidi kuutumikia umma kwa miaka kadhaa, na wenyewe wameiita ahadi hiyo umusanzu, yaani mchango. Mimi naiheshimu ahadi hiyo. Lakini ni ahadi, na anayeota ubingwa lazima ajue utaingia wapi ndani ya miaka hiyo. Masoro nako, chuo cha Waadventista kilianza kufundisha udaktari mwaka 2019 huo huo. Hapo ulizeni ada, kisha ulizeni mtoto atafundishiwa wodi za hospitali gani.

Kuna wanaotazama Makerere ya Kampala, iliyoanza kufundisha udaktari mwaka 1924 na yenye hospitali ya Mulago, au Muhimbili ya Dar es Salaam. Ni vyuo vizuri, na mabaraza ya madaktari ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya ukanda huu kwa pamoja. Hata hivyo anayerudi na shahada ya nje huwa na hatua za ziada mbele ya Baraza letu. Zihesabuni hatua hizo pamoja na nauli.

Kwa upasuaji kuna njia ambayo wazazi wengi hawajaisikia. Chuo cha madaktari wapasuaji cha mashariki, kati na kusini mwa Afrika, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Hakina jengo la kwenda kukaa miaka mitano. Daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa, kisha hufanya mitihani inayotambuliwa katika nchi wanachama. Hapa ndipo jina la chuo cha kwanza linapopungua uzito, na hospitali uliyopangiwa kazi inapoongezeka.

Marekani nitaigusa kidogo tu. Kule nafasi za ubingwa hugawiwa kila Machi kwa mfumo mmoja wa taifa, na aliyesoma nje kwanza huthibitishwa na chombo cha kule kiitwacho ECFMG, ambayo tangu 2024 inaangalia pia kama chuo chake kimeidhinishwa na chombo kinachotambuliwa kimataifa. Mwenye nia hiyo aulize jambo hili kabla ya kulipa hata faranga moja.

Nirudi kwenye deni, kwa sababu hapo niliumia mwenyewe. Nilipoomba ubingwa mara ya kwanza, ombi langu lilirudishwa. Mkataba wangu wa kazi na hospitali niliyokuwapo ulikuwa haujaisha, na kuondoka mapema kulikuwa na fidia nisiyoweza kulipa. Niliutia saini nikiwa kijana, nimesimama kwenye foleni ya ofisi, bila kusoma ukurasa wa tatu. Nilisubiri. Wenzangu wawili niliosoma nao walikuwa wameshamaliza ubingwa wao mimi nilipoanza wangu.

Basi mkataba wowote wa ufadhili au wa utumishi upelekwe nyumbani usiku mmoja kabla ya saini. Tafuteni humo mambo matatu: miaka mingapi ya utumishi, kama ruhusa ya kusomea ubingwa inaweza kutolewa kabla miaka hiyo haijaisha, na kama miaka ya ubingwa wenyewe inahesabiwa ndani yake au inaongezwa juu. Nitakuwa hapa ukumbini hadi alasiri. Aliyekuja na karatasi zake asogee mbele tuzisome pamoja, tuanze na ukurasa wa tatu.