Kujitawala Siku ya Mshahara

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Kibuye, Jumapili alasiri baada ya soko.)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme maneno machache juu ya mwanamume kujitawala mwenyewe. Sisi si waalimu. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na baada ya hapo tulishika koleo. Basi tutasema yale tuliyoyaona kwenye reli na hapa Kibuye tu.

Tuanze na kazi, maana hiyo twaijua. Kila asubuhi mtu mmoja wa genge hutembea sehemu yake ya njia peke yake, spana begani. Anatazama nati zilizolegea, taruma lililooza, kokoto zilizochukuliwa na maji. Kati ya Kibos na Miwani hakuna bwana wa kumwona. Pande zote ni miwa. Akitaka aweza kukaa chini ya mti hadi saa nne, kisha arudi aseme njia ni nzima. Kwa nini hakai? Si kwa sababu moyo wake unafurahi kila siku. Matope ya Kano hayamfurahishi mtu. Hainami kwenye kila nati kwa kuwa ana hamu ya kuinama. Anainama kwa kuwa amezoea, na kwa kuwa ajua nyuma yake inakuja gari yenye watu. Akirudi anaandika katika kitabu cha genge na kutia sahihi yake.

Baadhi yetu tuliingia kazi hii wakati njia ya Nakuru hadi Kisumu ilipofufuliwa, ile iliyofika ziwani mara ya kwanza Desemba 1901, wakati mji huu ulipoitwa Port Florence. Tulikata majani yaliyofunika reli, tukabadili mataruma, na Desemba 2021 gari ya abiria ikafika tena Kisumu baada ya miaka mingi. Watu walisimama kando ya njia wakipiga vigelegele. Mtu asije akatuambia kwamba sisi hatuna nidhamu. Nidhamu tunayo. Shida yetu ni kwamba jioni tunaifungia stoo pamoja na nyundo.

Sasa tuseme habari ya mwisho wa mwezi, na hapa hatutaficha kitu.

Tulikuwa watu watano wa genge moja. Januari tulipatana kila mmoja atoe shilingi 500 kila mwezi, ili Januari ijayo karo ya watoto isitukute tukikopa. Tulichagua mtunza fedha, tukaona kuziweka katika simu yake ni rahisi kuliko kwenda benki. Hata mwisho wa Oktoba ilipasa ziwe shilingi 25,000. Zilikuwapo 11,000. Zile 14,000 zilikwenda katika kamari ya mpira, hiyo ichezwayo kwa simu. Ndugu, mtunza fedha huyo ndiye anayewasomea karatasi hii.

Mwanzo zilichukuliwa shilingi 200 tu, kwa nia ya kuzirudisha siku ya mshahara, na kweli zilirudishwa. Halafu siku moja zikaingia 3,000 kwa dau la shilingi 100. Twawaambieni, siku ile ya kushinda ndiyo iliyotuharibu, wala si siku ya kushindwa. Mtu akishindwa mara ya kwanza huenda akaacha. Akishinda, anaona amepata kazi ya pili. Tulikuwa tukienda kulala na simu chini ya mto, tukiamka usiku kutazama matokeo ya timu za nchi ambazo hatuwezi hata kuzionyesha kwenye ramani. Asubuhi tukatembea njia na macho mekundu. Na hapo ndipo tulipoogopa, maana asubuhi moja tulipita nati iliyolegea bila kuiona. Mzee wetu wa genge aliiona alipopita baadaye. Hakupiga kelele. Aliikaza mwenyewe, akatuita kando, akasema, "Wewe, kuna kitu kinakula akili yako. Sema sasa kabla hakijala watu."

Tulijibu, "Jaduong', ni fedha za wenzangu." Jioni ile tuliwaita wanne wale nyuma ya stesheni tukawaambia. Mmoja alitaka kupigana, na alikuwa na haki ya kukasirika. Mwingine alinyamaza, na kunyamaza kwake kulituumiza zaidi. Baadaye wakakata shauri: 11,000 zigawanywe mara moja kwa wale wanne, na deni lilipwe 2,000 kila mwezi kwa miezi saba, mbele ya mzee wa genge, kwa kutia sahihi.

Sasa, tulijifunza nini? Jambo la kwanza ni kwamba kuapa hakutoshi. Kabla ya kusema ukweli tulikwisha kuapa mara nyingi, mara moja hata kanisani. Kiapo kilikaa mpaka Ijumaa jioni. Kilichosaidia ni kuifanya njia ya upotevu iwe ngumu kupita. Akaunti ya kamari tuliifunga. Fedha za akiba hukatwa kwenye mshahara na kupelekwa katika chama cha akiba na mikopo kabla hazijaonekana mkononi. Mtu haliwi na tamaa ya fedha asizozishika. Au tuseme, analiwa kidogo. Tulinunua daftari la shilingi 40, na kila siku jioni tunaandika kilichotoka, kama kitabu cha genge: sukari, nauli, soda, yote. Wiki ya kwanza tuliona aibu kusoma tulichoandika. Jumapili twaenda soko la Kibuye pamoja na mama watoto, naye ana orodha. Wenzetu wengine walicheka, wakisema tumekuwa watoto wa kushikwa mkono. Wacheke. Orodha ile imeleta viatu vya shule viwili, na vilinunuliwa kwa fedha taslimu.

Wengi wenu mwamjua Tom Mboya kwa jina la barabara tu. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Ol Donyo Sabuk, baba yake akiwa mfanya kazi wa mkonge, mtu wa Rusinga. Alisoma shule za misheni, Kabaa na Yala, kisha Mangu, lakini fedha za karo hazikutosha kuendelea, maana wadogo zake nao walitaka kusoma. Akaenda kwenye shule ya wakaguzi wa afya Nairobi, kwa kuwa wanafunzi wa huko walipewa posho. Kazi alianza mwaka 1951 katika Baraza la Jiji la Nairobi. Mchana alikagua maziwa na maduka, usiku alisoma masomo ya kupelekewa kwa posta kutoka Afrika ya Kusini. Hakuna mwalimu aliyemngoja mlangoni. Fikirini chumba cha kijana mwenye mshahara mdogo Nairobi, marafiki wanapita wakimwita, na bahasha ya masomo iko mezani. Yule ni sawa na mtu wetu kati ya Kibos na Miwani.

Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja, akiwa peke yake ofisini, aliingia mama wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama humo hamna mtu. Mboya alimjibu kwa adabu, akimwuliza kama macho yake yana kasoro. Hakutukana. Twafikiri mtu asiyeweza kujitawala asingeweza kujibu hivyo.

Lakini angalieni, ndugu, hapa kuna mtego, na twataka wanachama wausikie vizuri. Mwajiri hupenda sana hotuba za namna hii. Akisikia mfanya kazi anaambiwa aache pombe na kamari, atasema: naam, umaskini wao ni kosa lao, mshahara watosha. Sivyo. Mboya alikuwa hodari na mwenye bidii, na bado alilipwa kama moja ya tano ya mkaguzi Mzungu wa kazi ile ile. Bidii yake haikumfanya anyamaze juu ya jambo hilo. Aliwaunganisha wafanya kazi wa baraza wakawa na chama cha kweli, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya, akiwa na miaka 23. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Ruskin College, Oxford, na mwaka 1969, tarehe 5 Julai, akapigwa risasi Nairobi. Miaka 38 tu.

Sisi twasema mtu aliyejitawala ndiye anayeweza kudai. Mwenye deni la simu huogopa mgomo. Akikosa mshahara wa siku tatu, nyumba yake imekwisha. Tuliona hivyo ndani yetu. Miezi ile ya kamari hatukufika mkutano hata mmoja wa tawi, na karatasi ya madai ya posho ya mvua ilipoletwa tuliogopa kutia sahihi, tusije tukapoteza kibarua na deni likafichuka.

Na mji wetu una ushuhuda mwingine. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliunda pamoja na wenzake Luo Thrift and Trading Corporation. Watu waliambiwa watoe fedha kidogo kidogo wanunue hisa, nao wengi wao walikuwa watu wa mishahara midogo mbali na nyumbani. Kutokana na fedha hizo Ramogi House ilijengwa hapa Kisumu.

Deni letu limebaki miezi miwili, yaani shilingi 4,000. Yule aliyetaka kupigana sasa hutuachia nafasi kwenye benchi wakati wa chai, ingawa bado hasemi mengi. Mtu yeyote aliyeshikwa na jambo kama letu aje atuone chini ya mti ulio karibu na lango la stesheni, jioni baada ya kazi, hatutamtaja. Na wale wanaotaka akiba yao ikatwe kwenye mshahara, Katibu atakuwa na fomu Jumamosi kuanzia saa nane. Leteni kitambulisho na namba ya kazi.