Bonyeza Tisa Kwanza

Leo tunazungumzia simu za kazini, zile zilizounganishwa na mtambo wa ndani: kwenye viwanda vya hapa Mariakani, shule za bweni, hospitali. Wewe uliye zamu usiku unazijua. Ukitaka kuongea na jikoni unabonyeza tarakimu tatu. Ukitaka kupiga nje, sharti utangulize 9.

Sasa moto umezuka ghalani. Unapiga 999. Mtambo unaichukua ile 9 ya kwanza kuwa ombi la laini ya nje, kisha unapeleka 99 peke yake, nambari isiyofika popote. Ukijaribu 112, huenda akaitika mpishi, kwa kuwa jikoni ndiko walikopewa nambari hiyo.

Marekani kasoro kama hii ilionekana kwa msiba. Desemba 2013, katika hoteli moja ya Marshall, Texas, mtoto wa miaka 9 alipiga 911 mara nne mamake akishambuliwa. Hakujua kwamba lazima atangulize 9. Mama akafa. Sheria ya mwaka 2018 inaitwa kwa jina lake, Sheria ya Kari.

Basi mwambie fundi hivi: 999 na 112 zitoke moja kwa moja, uwe umetanguliza 9 au hukutanguliza, na zitoke katika kila simu, hata ile iliyofungwa isipige nje ili kubana gharama. (Mabosi huanza kubana na simu ya bawabu, naye ndiye anayekesha!) Jikoni wapewe nambari nyingine. Na anayepokea huko polisi huenda akaona nambari kuu ya kampuni tu, pengine ya makao makuu Nairobi. Kwa hiyo bandika kando ya simu maelezo ya kusoma: Mariakani, barabara ya Mombasa–Nairobi, upande gani wa mizani, geti lipi.

Kujaribu nako kuna adabu yake. Ongeeni kwanza na kituo cha polisi, mkubaliane saa. Simu ikipokelewa, sema mara moja kuwa ni jaribio, uliza wanaona nambari gani, kisha kata. Halafu zima umeme kwenye swichi kuu, upige tena. Simu nyingi za siku hizi hupitia intaneti; stima ikipotea, nazo hukatika, isipokuwa mtambo na ruta vyote vina betri.

Na fundi akija kuongeza hata simu moja tu, asilipwe kabla hamjajaribu upya.