Programu ya Kuwasomea Wasioona: Tuchague Vipi?



Harambee yetu ni ya kuwapatia vijana wetu wasioona kompyuta na programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Basi, tusikimbilie bei ghali. JAWS ni nzuri, lakini leseni yake ni pesa nyingi. NVDA, iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe asiyeona, ni ya bure kwa kompyuta za Windows. Simu nyingi za Android zina TalkBack tayari. iPhone zina VoiceOver.

Pili, lugha. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili hukivunjavunja. Sauti ya eSpeak iliyo ndani ya NVDA inakijua Kiswahili, tena haihitaji intaneti. Ni kweli inasikika kama mashine, lakini mtumiaji aliyezoea hutaka maneno wazi yaendayo mbio, si sauti tamu.

Kwa hivyo kijana mwenyewe ajaribu, ndipo tulipe. Asiyeweza kujisomea ujumbe wa M-Pesa humpa mwingine simu, na siri yake pia. Pesa zitakazobaki ziende kwa mafunzo.