Jicho Linaanza Wapi? Misingi ya Kupanga Ujumbe wa Kuonekana

(Mada kwa vijana wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta)



  

Ndugu yangu, dada yangu, mada niliyopewa ni juu ya fani ya kupanga maandishi, rangi, alama na picha ili mtu akitupa jicho tu aelewe anaambiwa nini. Najua kuna wanaosema moyoni, "Si hiyo kazi ya kutengeneza kadi za harusi?" Basi tuache kadi za harusi kando. Twende kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kwenu sasa hivi: ratiba ya Ramadhan, ile imsakiyya.

Nyingi ya zile zinazotufikia huku zimepigwa chapa Mombasa na saa zake ni za Mombasa. Sasa sikiza. Kila digrii moja ukielekea magharibi, jua linachelewa kuzama kwa dakika 4. Mombasa iko karibu na digrii 39.7, Voi 38.6, Taveta 37.7. Piga hesabu mwenyewe: Voi magharibi inaingia dakika 4 hivi baada ya Mombasa, na Taveta dakika 8 hivi. Alfajiri pia huchelewa namna hiyo hiyo. Kwa hivyo anayefuata saa ya Mombasa akiwa Taveta, asubuhi anaacha kula mapema, na hapo saumu yake haina neno. Lakini swala ya alfajiri anaweza kuiswali kabla wakati haujaingia, na jioni anatia tende mdomoni jua bado halijazama. Dakika nane si mchezo. Hukumu yake waulizeni masheikh, mimi nazungumzia karatasi.

Manake ratiba nyingine zinalo hilo dokezo la kuongeza dakika! Liko chini kabisa, kwa herufi kama punje za mtama, limebanwa kati ya namba ya simu ya mdhamini na picha ya mifuko ya saruji. Habari ipo, ila haikufika. Na hilo ndilo somo lenyewe. Kuandika jambo sahihi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulipanga ili jicho likutane nalo kwa wakati wake.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alichora mraba, akachora mstari katikati uliotoka nje ya mraba, na mistari midogo ubavuni. Akawaeleza masahaba kuwa huyu ni binadamu, huu ni muda wake wa kufa umemzunguka, ule unaotoka nje ni matumaini yake, na hii midogo ni mambo yanayompata. Hakuwa na rangi wala kompyuta. Mistari tu, na tunafahamu mpaka leo. Na alipoambiwa kuwa wafalme hawapokei barua isiyo na muhuri, alitengenezewa pete ya fedha yenye maneno matatu katika mistari mitatu: Muhammad mstari wake, Rasul mstari wake, Allah mstari wake. Eneo dogo kama ukucha, na bado kila neno lilipewa nafasi yake. Sisi tunapewa bango la mita tatu tunalijaza mpaka halina pa kupumua.

Msingi wa kwanza basi ni daraja. Kabla hujashika simu au kompyuta, jiulize: mtu akiona kitu kimoja tu hapa, kiwe kipi? Kwenye tangazo la maziko, ni jina la marehemu na saa ya kuswaliwa. Kwenye tangazo la mhadhara, ni mada, siku na mahali. Sisi tumezoea kuanza na jina la kamati kwa herufi kubwa, halafu mgeni rasmi na vyeo vyake vyote, halafu wadhamini, na saa unaitafuta kwa tochi. Samahanini wenyeviti, lakini msomaji hakuja kuisoma kamati. Kile cha kwanza kifanye kikubwa na kizito, cha pili kipungue, cha tatu kipungue zaidi. Vyote vikiwa vikubwa, hakuna kikubwa.

Ukitaka mwalimu wa jambo hili fungua kabati la mama. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka na kushikilia, mji ndio katikati panapovuta jicho, jina limewekwa kwenye kisanduku chake upande wa chini wa mji, na halichanganywi na maua. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo leso zake tunazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla", limefanya biashara tangu karne ya 19. Maua yanabadilika na majina yanabadilika kila toleo, ila mpango uko pale pale, na kila mwanamke wa pwani anajua jina alitafute wapi. Mdhamini wako mweke kwenye pindo. Atalipa vile vile, na mji utabaki wa ujumbe.

Wale waliopitia madrasa watanielewa kwa njia nyingine. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliziwekea herufi za Kiarabu vipimo kwa nukta ya kalamu: alif ina nukta kadhaa, na herufi nyingine zinapimwa kwa alif hiyo. Kwa hivyo ukurasa mzima unakuwa ndugu wa baba mmoja. Ndivyo inavyotakiwa kwenye kazi yako pia. Chagua aina mbili za herufi, basi, moja ya kichwa na moja ya maelezo, kama vile mwandiko wa thuluth ulivyopendwa kwa vichwa na naskh kwa kusoma. Anayetumia aina sita ili "ipendeze" ameanzisha ugomvi nyumbani kwake.

Halafu kuna kutofautiana kwa rangi, na hapa Voi tuna mambo yetu wenyewe. Herufi za manjano juu ya karatasi nyeupe hazionekani, hata uzifanye kubwa vipi. Nyeusi juu ya manjano inaonekana kutoka mbali. Kumbuka sheria za Michuki za mwaka 2004 zilivyoweka mstari wa manjano kwenye matatu: unaiona ikiwa bado ndogo barabarani na unajua hiyo inabeba abiria, hujasoma neno. Hapo rangi imefanya kazi, haikupambwa tu. Sasa ongeza jua letu. Bango likikaa nje, wino mwekundu na wa manjano hupauka mapema, na bluu na nyeusi ndizo hubaki. Umeona yale mabango ya zamani yaliyogeuka samawati yote? Tarehe na mahali viandike kwa nyeusi. Na ukumbuke vumbi letu jekundu. Bango la rangi ya udongo kando ya barabara ya Mombasa ni sawa na ndovu wa Tsavo aliyesimama kwenye udongo wake: yupo, lakini umempita.

Umbali nao una kipimo. Mafundi wa mabango hukadiria kuwa kwa kila mita 3 kati ya msomaji na bango, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 hivi. Anayesoma akiwa ng'ambo ya barabara, mita 12, anahitaji herufi ya sentimita 10. Aliye ndani ya basi linalokimbia kwenda Nairobi hana muda wa zaidi ya maneno machache. Karatasi ya mlango wa msikiti yaweza kuwa na maelezo marefu kwa sababu mtu anaisoma akivaa viatu.

Suala la picha za viumbe nalipita haraka, maulamaa wana kauli zao na kila mmoja anajua anamfuata nani. Herufi, mistari na maumbo peke yake yanatosha kazi nyingi sana. Jambo ninalotaka tulisitie ni Kiarabu kwenye mabango. Kuna programu za kompyuta zisizoelewa maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto. Unabandika Bismillah, nazo zinazikata herufi moja moja na kuzigeuza kinyume, na fundi asiyejua Kiarabu anachapa hivyo hivyo. Usichape mpaka aliyesoma aithibitishe ile iliyo tayari kwa chapa, si ile uliyomtumia fundi. Na fikiria karatasi hiyo itaishia wapi wiki ijayo. Kama itakanyagwa stendi au kufungia mandazi, kwa nini uandike aya juu yake? Kupunguza pia ni adabu.

Kujifunza hakuhitaji ada kubwa. Inkscape na GIMP ni programu za bure, na simu ina vyombo vyake. Lakini anza na penseli. Chukua tangazo lolote la mjini, lichore upya kwenye daftari mara tano kwa mipango mitano. Halafu lisimamishe mbali, kunja macho mpaka herufi zififie, uone kinachobaki. Kikibaki kisichotakiwa, panga upya. Fanya hivyo mwezi mmoja na utashangaa unavyoanza kuona makosa kwenye kila ukuta. Na ziko kazi pia: maduka, shule, hoteli za watalii, wagombea wakati wa uchaguzi, wote wanalipa.

Nawaomba tuanze na kazi moja ya pamoja: imsakiyya ya kaunti yetu. Juu kabisa, kwa herufi nzito, iandikwe ni saa za wapi: Voi, na pembeni yake Taveta ongeza dakika 4 hivi, ikiisha kuhakikishwa na wenye elimu ya nyakati. Tuchague saa moja, ya Kiswahili au ya kizungu, na tuseme ni ipi, kwa sababu huku kwetu 12:30 ya simu ni karibu na adhuhuri na 12:30 ya Kiswahili ni karibu na magharibi! Safu ya magharibi iwe nzito kuliko nyingine. Imsaki na alfajiri zisibanane, maana ndizo zinazochanganywa gizani. Kila siku ya tano pawe na mstari, na kumi la mwisho liwe na kivuli hafifu ili usiku wa witri uonekane. Wadhamini wote kwenye pindo.

Kabla hatujaipeleka kwa mpiga chapa, mpe nyanya yako, bila kumweleza chochote, umwambie akusomee magharibi ya siku ya 17. Kidole chake kikitoka nje ya mstari njiani, turudi mezani.