Ufunguo wa Pikipiki Ubaki kwa Nani?

Msikilizaji, tuanzie nyumbani. Kijana ana miaka 22, kazi hana. Mzazi anauza mbuzi, anakopa kikoba, anamnunulia pikipiki. Hapa Dodoma, tangu serikali ihamie, abiria wa bodaboda hawakosekani, kuanzia Majengo hadi Mtumba. Haipiti miezi mingi, simu inaita: pikipiki imekamatwa, kijana hana leseni.

Sasa mzazi afanyeje? Wapo wanaosema, lipa yaishe. Faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na kijana asiye na pikipiki atashinda kijiweni mikono mitupu. Wengine wanasema huyo kavuka miaka 18, kisheria ni mtu mzima, abebe mzigo wake.

Kwa maoni yangu, kulipa kimya kimya ni kumfungulia njia ya kosa la pili. Lakini kumsusa nako si malezi. Kijana anayeamka saa nne, hasemi na mtu, akishika usukani anaendesha kwa hasira, shida yake haikuanzia barabarani. Mama mmoja wa Nkuhungu alinionyesha kofia ngumu ya mwanawe. Imepasuka ubavuni, ikazibwa kwa gundi. Hakuwahi kumuuliza ilipasukia wapi. Kila jioni alimuuliza hesabu ya siku tu.

Hapo ndipo penye uzito, ndugu msikilizaji. Ukimnyang'anya mwanao ufunguo usiku wa leo, kesho asubuhi utamkabidhi nini?