Beki wa Miaka Arobaini



Majuma machache yaliyopita nilikuwa nimekaa na beki wa kati wa timu moja ya ligi yetu, tukimsubiri fundi wa mitambo amalize kurekebisha kinasa sauti ili tuanze mahojiano. Nikamwuliza umri wake, nisije nikakosea hewani. Akanijibu kwa swali: "Unataka wa mpira au wa mama, kaka?" Tukacheka wote wawili, lakini kicheko chake kilikatika mapema kuliko changu. Wa mpira ni 27. Wa mama ni 33. Akaniambia kwamba siku viongozi wa klabu yake watakapoufahamu huo wa pili, mkataba wake hautauona msimu mwingine. Basi mimi nikautangaza ule wa kwanza. Sijivunii jambo hilo, na ndiyo sababu jina lake na la klabu yake sitalitaja.

Nikiwa ndani ya daladala kurudi nyumbani nikamkumbuka Mtaliano mmoja, Pietro Vierchowod. Vijana wanaofuatilia kandanda la leo huenda hawalijui jina hili, na hata waliolijua enzi hizo walipata taabu kulitamka. Sisi watangazaji tuliuma ulimi mara nyingi.

Jina lenyewe si la Kitaliano. Baba yake alikuwa askari wa Jeshi Jekundu la Urusi ya Kisovieti, mzaliwa wa Ukraine, aliyetekwa katika Vita Kuu ya Pili na kufikishwa Italia akiwa mateka. Vita vilipokwisha hakurudi kwao, kwa kuwa Stalin aliwahesabu wengi wa askari waliokubali kutekwa kuwa ni wasaliti, na waliorudi hawakupokewa kwa ngoma. Akabaki, akaoa, na tarehe 6 Aprili 1959 mwanawe Pietro akazaliwa Calcinate, karibu na mji wa Bergamo. Baadaye Wataliano walimbandika mtoto huyo jina la utani la Zar, yaani mfalme wa Urusi ya kale. Mtoto wa askari wa jeshi lililopigana na watu wa Zar, naye akaitwa Zar! Washabiki wa mpira hawana habari na historia.

Alianza katika klabu ya Como, na akiwa nayo alipanda kutoka daraja la tatu mpaka la pili, kisha mwaka 1980 mpaka Serie A, ligi kuu ya Italia. Mwaka 1981 Sampdoria ya Genoa ikamnunua. Lakini Sampdoria wakati huo ilikuwa daraja la pili, na kijana mwenye uwezo ule kukaa huko ilikuwa hasara kwa kila mtu. Kwa hiyo akaazimwa kwa Fiorentina. Msimu uliofuata akaazimwa kwa Roma.

Hapa tutulie kidogo. Kuazimwa ni neno jepesi tu kwenye karatasi. Mchezaji wa Italia, hadi ilipopitishwa sheria namba 91 ya mwaka 1981, alikuwa amefungwa kwa klabu yake hata pale mkataba ulipokwisha; klabu ndiyo iliyoamua aende wapi na lini. Sheria hiyo ililifungua fundo hilo, lakini taratibu, kwa miaka kadhaa. Vierchowod alihama miji minne katika miaka mitatu, Como, Firenze, Roma na Genoa, kila mara akianza upya na kocha mpya na mabeki wenzake wapya.

Na tazameni alichovuna. Akiwa na Fiorentina msimu wa 1981/82, ubingwa ulipotea siku ya mwisho kabisa: Fiorentina ilitoka suluhu na Cagliari, bao lake likakataliwa na mwamuzi, na Juventus ikaifunga Catanzaro kwa penalti. Tofauti ilikuwa pointi moja. Hadi leo kuna wazee wa Firenze ambao hawajamsamehe mwamuzi yule. Kiangazi hicho hicho akaenda Hispania na timu ya taifa, Italia ikatwaa Kombe la Dunia, naye akavishwa medali bila kugusa nyasi hata dakika moja. Mwaka uliofuata akiwa na Roma, chini ya kocha Nils Liedholm na pamoja na akina Falcão na Bruno Conti, akatwaa ubingwa wa Italia, wa kwanza kwa klabu ile baada ya miaka 41. Akapakia mizigo yake, kwa maana Sampdoria ilikuwa inamdai mtu wake.

Alikuwa anachezaje? Katika Italia ya siku hizo mabeki waligawana kazi. Mmoja alibaki nyuma akisafisha. Mwenzake alipewa mshambuliaji mmoja na kuambiwa: huyu ni wako, akienda msalani mfuate. Vierchowod alikuwa huyo wa pili. Hakuwa mrefu wa kutisha, wala hakuwa fundi wa kupiga pasi. Silaha yake ilikuwa mbio. Mshambuliaji angempita hatua mbili, akadhani amekwisha mwacha, kumbe Zar yuko begani. Diego Maradona, aliyekabwa na kila aina ya beki duniani, alimtaja mara kwa mara miongoni mwa waliomtesa zaidi, na alikuwa akimfananisha na lile jitu la kijani la sinema za Marekani, Hulk.

Sampdoria alikaa misimu 12. Rais wa klabu, Paolo Mantovani, alikuwa amekusanya vijana, akawalipa vizuri na kuwatunza kama wanawe, na kocha Vujadin Boškov akawafanya timu. Mbele walikuwepo Gianluca Vialli na Roberto Mancini, golini Gianluca Pagliuca, na nyuma Zar. Walitwaa Kombe la Italia mara nne: 1985, 1988, 1989 na 1994. Mwaka 1990 walitwaa Kombe la Washindi la Ulaya kwa kuifunga Anderlecht 2-0 mjini Gothenburg. Na mwaka 1991 klabu hiyo, ambayo haikuwahi kuwa bingwa wa Italia wala haijawa tena tangu hapo, ikatwaa ubingwa mbele ya Milan ya Sacchi, Inter ya Wajerumani na Napoli ya Maradona. Kwa maoni yangu hakuna ubingwa wa Italia wa miaka ile uliopatikana kwa jasho zaidi ya huo.

Kilichobaki kilikuwa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Tarehe 20 Mei 1992 walifika fainali, uwanja wa Wembley, dhidi ya Barcelona. Dakika 90 zikaisha bila bao. Dakika ya 112 Ronald Koeman akapiga mpira wa adhabu, na huo ukawa mwisho. Kiangazi kile Vialli akauzwa Juventus. Oktoba 1993 Mantovani akafariki dunia. Timu ikaanza kumomonyoka, mmoja mmoja, kama zinavyomomonyoka timu zote zinazosimama juu ya mfuko wa mtu mmoja. Sisi huku tunazijua.

Mwaka 1995 Vierchowod alikuwa na miaka 36. Sasa, wasikilizaji, mlinganisheni na yule beki wetu wa "27". Kwetu mtu wa miaka 36 anaulizwa timu gani ya veterani anachezea Jumamosi. Zar akasajiliwa na Juventus. Tarehe 22 Mei 1996, katika uwanja wa Olimpico mjini Roma, ule ule aliouchezea miaka 13 nyuma akiwa na Roma, akaanza fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Ajax, timu iliyojaa vijana ambao baadhi yao walikuwa bado shule ya msingi alipoanza Serie A. Dakika 120 zikamalizika 1-1, na Juventus ikashinda kwa penalti 4-2. Kombe lililomponyoka Wembley akalishika akiwa na miaka 37.

Mngedhani hapo angetundika daluga. Mtu mwenye busara angefanya hivyo. Kiangazi kile kile akasaini Perugia, akaondoka kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi, akaenda Milan. Msimu ule Milan ilivurugika, ikamaliza nafasi ya 11. Nyuma alicheza na Franco Baresi, aliyezaliwa mwaka mmoja baada yake. Baresi aliichezea klabu moja maisha yake yote. Alipostaafu mwaka 1997 jezi yake namba 6 ikawekwa kando isivaliwe tena. Vierchowod hakuwekewa jezi. Alikwenda Piacenza.

Piacenza ni mji mdogo, na klabu yake miaka ile ilijulikana kwa jambo moja: wakati kila timu ilikuwa inanunua Wabrazili na Wafaransa, yenyewe ilichezesha Wataliano watupu. Lengo halikuwa ubingwa, bali kutoshuka daraja. Tarehe 23 Mei 1999, siku ya mwisho ya ligi, Piacenza ilicheza na Salernitana, na atakayezembea anashuka. Matokeo yalikuwa 1-1. Piacenza ikabaki, Salernitana ikashuka. Bao la Piacenza lilifungwa na beki mwenye miaka 40. Siku hiyo haikuisha kwa furaha tupu: treni iliyowarudisha washabiki wa Salernitana kwao ilishika moto, na vijana wanne wakafa. Wengi Italia wakiukumbuka mchezo ule wanaikumbuka treni kwanza, na ni haki yao.

Alicheza msimu mmoja zaidi. Mwaka 2000 Piacenza ikashuka, naye akaacha akiwa na miaka 41. Baadaye alijaribu ukocha, ikiwa ni pamoja na kurudi Firenze mwaka 2002, klabu ile ilipofilisika na kuanzia madaraja ya chini, na kwenda Honvéd ya Budapest mwaka 2014. Hakudumu popote.

Lakini nilikaa na kalamu na karatasi. Vierchowod alicheza misimu 20 ya Serie A. Misimu minane ya mwanzo ilikuwa na michezo 30 kila mmoja, na 12 iliyofuata michezo 34. Jumla ni michezo 648. Yeye alicheza 562. Maana yake, katika miaka 20, ukichanganya maumivu ya misuli, kadi nyekundu, mafua na makocha wasiompenda, alikosa michezo 86 tu, wastani wa minne kwa msimu. Na misimu 11 kati ya hiyo 20 aliianza akiwa ameshatimiza miaka 30.

Nilimpigia simu yule beki wetu nikamsomea hesabu hii. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama huko Italia yule mzee alikuwa na daktari wa klabu, na kama mshahara ulikuwa unaingia kila mwezi. Nikamwambia ndiyo, vyote viwili. Akasema, "Basi kaka, kwanza niandikie hivyo viwili, halafu ndiyo utangaze huo umri wa mama."

Nimeviandika. Umri sijautangaza bado.