Ndege Haisikilizi Udhuru

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ninayoipenda, nayo ni kujenga ndege ndogo kwa mti wa balsa, kwa kufuata ramani, na kuirusha kwa redio. Wapo watakaouliza: mtu mzima na mchezo wa watoto wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa kueleza kazi yenyewe ilivyo, kisha nitatoa ombi langu kuhusu hoja tutakayoipigia kura mchana huu.

Nianze na mti. Balsa ni mti wa Amerika ya Kati na ya Kusini, na sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani hutoka Ecuador. Wataalamu wa mimea wameuhesabu kwa muda mrefu kuwa jamaa wa mbuyu na msufi, kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu. Hukua upesi mno, na aghalabu hukatwa kabla ya kutimiza miaka 10. Ukikauka, mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 160 hivi, ilhali maji ya ujazo huo huo ni kilo 1,000. Neno balsa ni la Kihispania, maana yake chelezo, na ni kwa chelezo cha magogo hayo Thor Heyerdahl na wenzake watano walisafiri siku 101 mwaka 1947 kutoka Peru hadi visiwa vya Polynesia. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda ndege ya kivita iitwayo Mosquito, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya mbao nyembamba zilizo ngumu. Huo basi si mti wa kuchezea tu.

Sasa ramani. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wamezoea kuunda chombo bila karatasi. Vipimo vimo jichoni na mkononi, na kijana huvipata kwa kukaa miaka mingi chini ya fundi. Ni elimu kubwa, lakini fundi akifariki bila kuacha mwanafunzi, elimu hiyo huzikwa pamoja naye. Ramani ni njia nyingine ya kurithisha. Mathalani, mwaka 1946 kampuni ya Kiingereza ya KeilKraft ilitoa ndege iliyochorwa na Albert Hatfull, ikaitwa Junior 60 kwa sababu upana wake kutoka ncha ya bawa hadi ncha ni inchi 60, yaani sentimita 152. Zamani hizo iliruka yenyewe bila kuongozwa. Baadaye watu waliitia redio, na hadi leo ingali inajengwa. Mimi nimeijenga. Hatfull sikupata kumwona, lakini kila mstari aliouchora uliniamuru kama mwalimu aliyesimama nyuma ya kiti changu.

Kazi huendeshwa hivi. Ramani hutandazwa juu ya ubao ulionyooka kabisa, ikafunikwa kwa nailoni nyembamba ili gundi isishike karatasi. Vijiti vya balsa hukatwa kwa wembe, hulazwa juu ya mistari na kushikizwa kwa pini mpaka gundi ikauke. Ubavu mmoja wa kiwiliwili ukimalizika, wa pili hujengwa juu ya ule wa kwanza, ili ziwe pacha. Bawa lina mhimili unaokwenda urefu wake wote, na vipande vinavyolipa umbo, navyo tunaviita mbavu. Ramani nyingi huonyesha bawa la upande mmoja tu. La upande wa pili hupatikana kwa kuipaka karatasi mafuta ya kupikia hadi mistari ionekane kwa nyuma, kisha kuigeuza.

Kabla ya kukata, mjenzi hupima. Mbao mbili za balsa zenye urefu, upana na unene ule ule zaweza kutofautiana uzito hata mara mbili. Ile nzito na ngumu huwekwa kwa ajili ya mihimili, na ile nyepesi huenda mkiani. Kwa nini mkiani? Vijana wa fizikia watanijibu: kwa kanuni ya wenzo. Ikiwa mkia uko mbali na mahali pa mizani mara tatu kuliko pua, gramu 10 zilizozidi mkiani zitadai gramu 30 za risasi puani, na ndege itabeba gramu 40 ambazo hazina kazi. Kanuni hiyo niliiandika daftarini katika shule hii, nikaijibu katika mtihani, lakini niliielewa siku niliyoishika kwa vidole.

Ndege ikishakamilika, huinuliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mbawa, mahali ambapo ramani imetia alama. Katika ndege nyingi za kawaida, alama hiyo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Pua ikiinama kidogo, ni salama. Mkia ukishuka, usirushe. Warushaji wana msemo kwamba ndege yenye pua nzito huruka vibaya, na yenye mkia mzito huruka mara moja tu. Kisha huiangalia kutoka nyuma, jicho moja limefumbwa, kuona kama bawa limepindika. Upindo usioonekana upesi mezani huweza kuigeuza ndege upande mmoja ikiwa angani, ukabaki ukipigana nayo hadi chini.

Redio zimekuwa rahisi. Zamani ilikuwa lazima kuulizana uwanjani ni nani anayetumia masafa gani, maana wawili wakiwasha masafa mamoja, ndege ilianguka. Redio za leo za gigahezi 2.4 hujitenga zenyewe, na mota ya umeme imechukua nafasi ya injini katika ndege nyingi. Hatari hazikwisha: rafadha hukata vidole, betri ya lithiamu ikiumia huwaka moto, na ruhusa ya kurusha ni ya kutafutwa kwanza kwa wenye mamlaka. Lakini hakuna redio inayoweza kunyoosha bawa lililopinda.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka vijana walichukue. Katika mtihani wa karatasi, asilimia 60 ni kufaulu, na mtu husifiwa. Ndege ambayo viungo vyake vimeshika kwa asilimia 60 haipati asilimia 60 ya kuruka, inaanguka. Haiulizi baba yako ni nani, wala ulikesha usiku mangapi, wala ulikuwa na nia njema. Udhuru haisikilizi. Kwa upande wa pili, ukiitendea haki, itaruka hata kama jana mwalimu alikuita mzito wa kichwa. Sijui mtahini mwingine aliye mkali na mwenye haki kiasi hicho.

Niwape mfano mmoja mkubwa. Mmarekani Maynard Hill alitaka ndege ya mfano ivuke bahari ya Atlantiki. Kanuni za rekodi ziliitaka isizidi kilo 5, pamoja na mafuta yake. Majaribio yake ya kwanza yalishindwa. Tarehe 9 Agosti 2003 ndege yake nyingine, ya balsa na plastiki nyembamba, ilirushwa kutoka Cape Spear, Newfoundland, nchini Kanada. Chombo cha kujiongoza kiliifuatisha njia kwa ishara za setilaiti. Baada ya karibu saa 39 na kilomita 3,000 na zaidi, tarehe 11 Agosti, ilitua Ireland karibu na Clifden, eneo lile lile walilotua Alcock na Brown mwaka 1919, walipovuka Atlantiki kwa ndege bila kusimama, wa kwanza duniani. Hill alikuwa na umri wa miaka 77, macho yake yakiona kwa shida sana na masikio yakiwa mazito. Mikono ilibaki, na mikono ilikuwa imefundishwa.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nakuja kwenye ombi langu. Fedha tulizochanga ni za jambo moja, na hoja ni mbili: lango jipya lenye majina yetu, au kuifungua tena karakana ambayo sasa imejaa madawati mabovu. Wenzangu wanaotaka lango nawaheshimu. Ni haki ya mtu kutaka kukumbukwa alikosoma. Ila lango hutazamwa siku ya kuzinduliwa, kisha watu hupita. Karakana ya kazi hii haidai mashine kubwa. Inadai meza zilizonyooka, wembe, msasa, pini, gundi, mizani ya kupima gramu, na shehena ya kwanza ya balsa, ambayo kwa hakika itabidi kuagizwa. Ramani za kuanzia nitazitoa mimi, na siku za Jumamosi nitakuja mwenyewe.

Sidai kwamba kila kijana humu atakuwa rubani au mhandisi. Nadai tu kwamba asitoke hapa akiwa na cheti cha fizikia bila kupata hata mara moja kutengeneza kitu kinachoweza kuanguka. Mganga, mwashi, karani wa hesabu na fundi wa umeme wote hufanya kazi ambayo asilimia 60 haitoshi. Ni bora walijue hilo kwa kuvunja kijiti cha balsa hapa shuleni kuliko kulijua baadaye kwa maisha ya watu.

Kura yangu ni ya karakana. Nawaombeni mniunge mkono.